UZI: Maua yenye petali zilizoungana, tuyaelezeje kwenye vibao vya kitaluni?

MicheMambrui (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Nina kitalu kidogo cha miche huku Mambrui. Wateja wangu ni watu wa bustani za mahoteli ya Malindi na Watamu, pamoja na akina mama wanaotaka asumini na mrehani wa karibu na mlango. Nataka kila mche uwe na kibao: jina, unavyotaka maji na jua, halafu mistari miwili kuhusu ua lake. Hiyo mistari miwili ndiyo inayonitoa jasho. Katalogi ya muuzaji wa mbegu imejaa gamopetali, infundibulifomu, hipokrateriformu. Nikiuliza watu naambiwa "andika tu ni ua la bomba".

Sasa alamanda bomba, asumini bomba, na ua la boga nalo bomba? Mteja akisoma vibao vitatu vinavyofanana atajua nini? Nataka istilahi sahihi lakini ziwe za kusomeka. Na haibiskasi imo kwenye kundi hili au haimo? Vijana wangu wa kitaluni wamegawanyika pande mbili na kazi imesimama.

KijanaShela

Haibiskasi imo. Petali zimeungana, ua linaanguka zima. Swali lingine?

Ticha_Gede

Waaleikum salaam. Haibiskasi ngoja kwanza, yakhe, tutaifikia.

Mleta uzi, umbo ni swali la pili. La kwanza ni hili: petali zimeungana zenyewe kwa zenyewe, au kila moja imesimama peke yake? Zikiwa zimeungana, hata kama ni chini tu, ua hilo ni gamopetali. Vitabu vingine vinasema simpetali, ni kitu kilekile. Zikiwa mbalimbali, ni polipetali. Angalia ua la nyanya: ukilitazama kutoka juu utaapa kwamba petali tano ni tano tofauti, zimechongoka na kujikunja nyuma. Lichomoe kwa upole kutoka kwenye kikombe cha kijani na zote tano zinatoka pamoja, zimeshikana chini kwa kipete kidogo. Hilo ni gamopetali kamili. Muungano haupimwi kwa urefu.

Ukishajua kwamba zimeungana, ua linakuwa na sehemu nne za kutaja. Chini pana mrija. Mrija unapofunguka ndipo penye koo. Juu ya koo pana sehemu iliyotanda, ambayo ndiyo tunayoiona tukipita njiani. Ukingoni mwa sehemu hiyo kuna pande, na kwa kawaida kila upande ni ncha ya petali moja iliyobaki huru. Ukihesabu pande unajua petali zilizoungana zilikuwa ngapi. Iksora ina pande 4, vinka 5.

Maumbo sasa. Mrija ukipanuka taratibu tangu chini mpaka juu, hilo ni umbo la faneli, infundibulifomu ya katalogi yako: kiazi kitamu, na mlakasa ule unaotambaa mchangani. Mrija ukiwa mwembamba na umenyooka, halafu juu ukatanda ghafla bapa, ni umbo la sinia. Hiyo ndiyo hipokrateriformu ya katalogi yako, usiogope jina. Asumini, vinka, iksora na kahawa zote ni sinia. Umbo la kengele lina tumbo pana tangu chini, ua la boga ndilo mfano ulio karibu zaidi. Umbo la gurudumu lina mrija mfupi mno na pande zimetanda: nyanya, pilipili. Kuna la midomo miwili, pande za juu zimejitenga na za chini: mrehani, mnanaa. La mtungi lina tumbo nene na mdomo uliobanwa. Huku kwetu si la kawaida, ni la ua la bluberi, zile za kwenye supamaketi za watalii.

Kwa hiyo alamanda, asumini na boga si "bomba" moja. Boga ni kengele, asumini ni sinia. Alamanda ni mtihani kidogo: chini mrija mwembamba, katikati unafura ghafla. Vitabu huiweka kwenye faneli, na mimi ningeiacha hapohapo ila niongeze "chini imebanwa".

BustaniWatamu

Uzi umenifikia mimi huu. Natunza bustani ya hoteli, kila mgeni anauliza bogenvilia ni umbo gani. Mwalimu, bogenvilia tuiweke wapi? Ina petali tatu za karatasi na naona zimeshikana katikati.

Ticha_Gede

Hizo tatu za zambarau au za chungwa si petali. Ni brakti, yaani majani yaliyobadilika rangi. Chunguza katikati: kwenye kila brakti kumebandikwa kijirija chembamba, juu kikatanda kinyota cheupe au cha manjano hafifu. Hicho ndicho ua. Na hata hicho kijirija si petali, ni sepali zilizoungana, yaani vijani vya kikombe cha nje cha ua. Bogenvilia haina petali kabisa.

BustaniWatamu

Haina kabisa! Na mgeni wa juzi nilimwambia petali tatu akaandika kwenye daftari lake. Basi ameshapanda ndege.

BintiLangoni

Wanangu, hizo gamo-nini mimi sizijui, lakini asumini naijua. Tumelelewa nayo Lamu hii, twaitunga kwa arusi, kwa Maulidi, na kwa jioni isiyo na sababu yoyote.

Asumini twaichuma baada ya alasiri, ikiwa bado tumba. Ukiichuma usiku imeshafunguka, na mkononi yasinyaa. Sindano huipitisha kwenye kile kijiti cheupe kilicho tini ya majani ya ua. Kijiti hicho kina uwazi ndani, sindano ingia polepole nawe wasikia kabisa kuwa mwapita palipo wazi. Tumba lakaa kwenye uzi, na usiku lafunguka pale pale kwenye nywele za mtu. Halipukutiki. Asubuhi lageuka rangi ya kahawia lakini bado ni zima.

Langilangi halitungwi hivyo. Majani yake marefu yale ya manjano yatoka moja moja, ukilitia sindano wabaki na jani moja kwenye uzi na matano sakafuni. Hilo twalifunga kwa uzi au twalichanganya kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, likiwa limepukutika. Mkadi nao twaukata vipande vipande. Kwa hiyo mwalimu, nikikusikia vyema, asumini ndiyo iliyoungana na langilangi ndilo lisiloungana?

Ticha_Gede

Bi, shikamoo. Umelisema kuliko nilivyolisema mimi. Kile kijiti cheupe chenye uwazi ndio mrija. Langilangi lina petali 6, tatu nje na tatu ndani, kila moja imesimama peke yake. Mkadi unaoukata kwa ajili ya kikuba ni ule wa dume, na zile sehemu nyeupe zenye harufu ni brakti kama za bogenvilia, si petali. Na mrehani wa kikuba una kiua cha midomo miwili, ingawa watu huchukua jani tu. Kikuba kimoja kina darasa zima ndani yake.

Mwenye wembe na asumini aliyo tayari kuipoteza: pasua mrija kwa urefu, uufungue. Utakuta stameni (viungo dume vya ua, vyenye chavua) mbili tu, zimejibandika ukutani mwa mrija kwa ndani. Si zinazosimama kutoka chini kama za langilangi. Hiyo inaitwa epipetali, stameni zilizopanda juu ya petali, na kwenye maua yaliyoungana ni jambo la kawaida sana. Kwenye kibao si lazima, lakini kwa mtu anayejifunza ni dalili nzuri.

BintiLangoni

Marahaba. Mbili tu kweli, nimetazama. Mato yangu si ya zamani lakini nimeziona.

KijanaShela

Tumeshafika kwenye haibiskasi sasa? Kila asubuhi nafagia uani kwetu Shela. Haibiskasi inaanguka nzima, imejikunja, petali zote tano pamoja. Bi kasema asumini ni iliyoungana kwa sababu haipukutiki. Haibiskasi haipukutiki. Basi.

Ticha_Gede

Hapo ndipo watu wengi wanakwama, na mtihani wa kuanguka ndio unaowakwamisha.

Chukua haibiskasi iliyo hai, si ile ya kufagia. Katikati ina mnara mrefu wenye vichavua vya manjano kwa juu. Mnara huo ni stameni nyingi ambazo nyuzi zake zimeungana zikawa bomba moja, na pistili, kiungo jike cha ua, imepita ndani yake. Hilo lina jina lake, monadelfasi. Sasa shuka chini kabisa ya ua. Kila petali imebandikwa kwenye shina la mnara huo. Petali hazijashikana zenyewe kwa zenyewe, zimeshikana na mnara. Pitisha kucha kati ya petali mbili jirani, ishuke mpaka chini: haikuti mahali petali zilipounganika. Ndiyo maana mnara ukianguka unazibeba zote tano.

Wataalamu wanatumia maneno mawili tofauti. Sehemu za aina moja zikiungana, petali na petali, huitwa konati. Sehemu za aina mbili zikiungana, petali na stameni, huitwa adnati. Asumini ina zote mbili: petali konati, na stameni zimejibandika kwenye petali. Haibiskasi ina stameni konati, na petali adnati kwenye bomba la stameni. Petali zake zenyewe ni huru.

Mbuyu ni vilevile, ni wa familia moja na haibiskasi. Ua lake linafunguka jioni, popo wanalitembelea usiku, na siku ya pili unalikuta chini zima limeshaanza kuwa kahawia. Petali tano, huru.

KijanaShela

Kwa hiyo limeungana lakini halijaungana.

Ticha_Gede

Limeungana na kitu kingine.

KijanaShela

Naandika humu kwa kumbukumbu kwamba sijakubali.

MajaniMakavu

Nimefanya kazi ya kupanga mimea iliyokaushwa kwa muda mrefu, niruhusuni niingie.

Mleta uzi, kuna njia ya mkato ukiwa unasoma kitabu cha mimea. Ile Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, iliyotoka kwa mafungu kuanzia 1952 ikamalizika 2012 na kugusa aina zaidi ya 12,000, ina desturi moja. Ua likiwa na petali huru, mwandishi anaandika "petali 5". Likiwa limeungana, haandiki petali tena. Anaandika korola, yaani petali zote kwa pamoja, kisha urefu wa mrija, kisha "pande 5" na vipimo vyake. Ukiona maelezo yanataja pande za korola, ujue zimeungana hata kama neno gamopetali halimo. Ukiona petali, ni huru. Tazama haibiskasi hata kwenye vitabu vingine: wataandika petali, hawaandiki pande.

Kwa vibao vyako ningefuata desturi hiyohiyo. Usimwandikie mama wa Mambrui gamopetali. Mwandikie "mrija mwembamba, pande 5", naye ataelewa kwamba ni kitu kimoja.

Tabia ya kupanga mimea kwa umbo la korola ni ya kale. Tournefort, Mfaransa, mwaka 1694 alipanga mimea yote kwa umbo la ua, na kengele na faneli zilikuwa tayari ni makundi yake. Wakati huo ua lililoungana liliitwa monopetali, lenye petali moja, kwa sababu walihesabu walichokiona. Baadaye Bentham na Hooker, katika kazi yao ya 1862 hadi 1883, wakagawa mimea yenye majani mawili ya mbegu katika mafungu matatu makubwa, na Gamopetali likawa mojawapo. Mikusanyiko kadhaa ya mimea iliyokaushwa bado imepangwa kwa mpangilio huo kabatini.

Na hapo ndipo boga linapochekesha. Wao wenyewe waliliweka boga kwenye fungu la petali huru, pamoja na ukoo wake, ingawa ua la boga limeungana waziwazi, kengele ya manjano! Walitazama mambo mengine ya undugu. Leo, tangu mpangilio wa kundi la wataalamu wa mimea liitwalo APG wa 1998 uliotegemea DNA, tunajua kuungana kwa petali kumetokea zaidi ya mara moja katika historia ya mimea. Mlakasa, asumini, nyanya, mrehani, alizeti, hao ni wa tawi moja kubwa. Boga liko mbali nao, lilifika huko kwa njia yake.

MicheMambrui

Hii ya "pande" badala ya petali nimeipenda, naichukua. Endeleeni, naandika.

KapteniBoriti

Salamu kutoka visiwani. Mimi ni mtu wa mikoko, nimekata boriti kwa leseni tangu ujana, na sasa tunapanda zaidi ya tunavyokata. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na sijaona mtu hapa akiitaja hata mmoja. Maua yake ni madogo lakini yapo.

Mchu una viua vidogo vya rangi ya chungwa, viko mafungu mafungu nchani mwa tawi, na vinanukia wakati nyuki wamejaa. Nikikitazama kina ncha nne. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kuinama, una ua jeupe lenye manyoya. Na muia una ua jekundu ambalo likianguka unakuta lile jekundu limebaki juu ya tunda. Haya yameungana au hayajaungana?

Ticha_Gede

Kapteni, ahsante, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mchu umeungana. Korola yake ni mrija mfupi sana, pande 4, stameni 4, ukubwa wake ni milimita chache tu. Ni wa ukoo ambao karibu wote wana korola zilizoungana.

Mkoko haujaungana. Petali 4 huru, na yale manyoya ni ya kingo za petali.

Muia ndio mzuri. Lile jekundu linalobaki si petali, ni kaliksi, yaani sepali. Sepali zimeungana chini zikawa kikombe, na juu zina meno mengi, kumi na kitu. Kwa hiyo ua hilo ni gamosepali: kikombe kimeungana, petali ziko huru ndani yake. Na petali zenyewe zina ujanja. Kila moja imejikunja ikakumbatia stameni mbili kwa nguvu, kama mtego uliotegwa. Ndege akija kunywa mbochi, yale maji matamu ya ua, akaigusa chini, petali inafunguka ghafla na chavua inamrukia usoni. Nenda na kijiti chembamba asubuhi, gusa ua lililo tayari, utaona vumbi linaruka.

KapteniBoriti

Hilo la kuruka nimeliona miaka na miaka nikadhani ni upepo. Vijana wetu wa kuongoza wageni kwa mashua lazima walijue, watalii watalipa.

ShambaGongoni

Na mpapai? Mimi nina mipapai na jike na dume maua yake hayafanani kabisa. Dume lina ua jembamba refu, jike lina ua nene la kukaa shinani. Ni mti mmoja kweli?

Ticha_Gede

Mpapai ni mfano ambao kila mwalimu angepaswa kuanza nao, kwa sababu jibu linategemea unashika ua la mti upi.

Ua la dume, lile linaloning'inia kwenye vijiti virefu, limeungana. Mrija mwembamba mrefu, juu pande 5 zimetanda, na kooni kuna stameni 10 katika duru mbili, tano ndefu na tano fupi. Linajaa vizuri kabisa kwenye umbo la sinia. Ua la jike limekaa karibu na shina, nene, petali zake 5 zimeungana kidogo sana chini, mara nyingi mtu akizivuta anapata moja moja. Ndani yake ni ovari kubwa ambayo ndiyo itakuwa papai. Na ile mipapai yenye maua ya jinsia mbili, ua lake liko katikati ya hao wawili.

MajaniMakavu

Kwa ajili hiyo ndiyo vitabu huandika maelezo ya mpapai mara mbili, dume na jike, kila moja na korola yake.

BintiLangoni

Dume la mpapai ndilo tulilokuwa tukilivuta utotoni tukanyonya tini yake, lina utamu kidogo. Na iksora za kwenye nyumba za wageni, lakini hizo tulikuwa twafukuzwa.

BustaniWatamu

Bi, bado tunawafukuza watoto, na bado wanarudi.

Mwalimu, swali langu la pili. Kwa nini ua lijisumbue kuungana? Naona ndege chozi wanakuja kwenye maua ya tekoma yangu wanatoboa mrija kwa chini, hawaingii hata mdomoni. Nini faida ya mrija kama unatobolewa?

Ticha_Gede

Mrija unachagua mgeni. Mbochi iko chini, mgeni mwenye ulimi mfupi haifikii. Maua meupe yanayonukia usiku kama asumini mara nyingi yanalenga nondo wakubwa wa usiku wenye ulimi mrefu unaojikunja. Nondo anasimama hewani mbele ya ua, anatumbukiza ulimi mpaka chini ya mrija, na anapoutoa umeshapakwa chavua kooni. Vinka ni hivyohivyo, ingawa inafunguka mchana: stameni zake zimejificha ndani ya mrija chini kidogo ya koo, na huwezi kuziona bila kupasua.

Chozi na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao wamegundua mlango wa nyuma. Wanachukua mbochi bila kubeba chavua. Ni wezi, kwa lugha ya wataalamu pia wanaitwa hivyo. Lakini si kila ziara ni ya wizi, ndiyo maana tekoma bado inazaa.

Hata ua nalo lina ujanja wake. Plumeria, yale meupe yenye manjano katikati mliyonayo mahotelini, ina mrija na inanukia usiku, nondo anakuja, anatafuta mbochi, hakuna. Amedanganywa na harufu, na chavua ameibeba.

BustaniWatamu

Basi sisi hoteli na plumeria tunafanana biashara 😂

KijanaShela

Mwalimu, yule mmea wa ufukweni kule Shela, kichaka cha majani mazito, ua lake jeupe limekatika nusu. Kila ua ninalolichuma ni nusu. Nani anakula nusu nyingine?

Ticha_Gede

Hakuna anayekula. Hiyo ni skevola. Korola yake imeungana ikawa mrija, lakini mrija wenyewe umepasuka upande wa juu kutoka ukingoni mpaka karibu na chini, ndipo pande zote tano zikainamia upande mmoja. Ukiufunga ule mpasuko kwa vidole viwili utapata mrija mzima. Ni gamopetali, na ni ua lenye upande wa juu na wa chini kama mrehani, si la duara kama asumini. Wataalamu huliita zigomofiki. Lile la duara, unaloweza kulikata njia nyingi likabaki sawasawa, ni aktinomofiki.

Ukiwa hapohapo mchangani, chuma na mlakasa asubuhi mapema, kwa sababu mchana unaanza kusinyaa. Ukingo wake hauna pande zinazoonekana, faneli nzima moja ya waridi. Uinue uangalie jua kwa nyuma yake. Utaona mistari mitano iliyokoza kutoka chini mpaka ukingoni, kila mmoja katikati ya petali moja. Petali zimeungana mpaka juu kabisa, lakini bado zinahesabika.

KijanaShela

Nimetoka sasa hivi. Mitano. Na skevola nimeifunga kwa vidole, kweli.

Haibiskasi bado sijakubali.

MajaniMakavu

Mtu akisema "petali zimeungana" asifikirie petali tano zilizokua mbalimbali kisha zikagundishwa. Kwenye mimea mingi ya kundi hili korola inaanza kama pete moja ndani ya tumba changa, halafu ncha tano zinachomoza juu ya pete hiyo. Kwa mingine ncha tano zinatangulia, kisha sehemu ya kati yao inakua ikawaunganisha. Kwa macho ya kitaluni matokeo ni yaleyale, lakini ndiyo maana hutaona kovu la kushonwa kwenye mrija wa asumini hata kwa lenzi.

Zambarau ni kinyume chake. Petali zake nne zinashikana kwa juu kama kofia, na ua likifunguka kofia inadondoka nzima. Huko zimegandamana tu, hazijaungana kwa namna ya asumini. Kwenye kibao ungeandika "kofia inayoanguka" wala usiguse neno mrija.

MicheMambrui

Wadau, nimeandika vibao vya kwanza. Nisahihisheni kabla sijapaka rangi.

ASUMINI. Ua jeupe, mrija mwembamba, juu limetanda kama sinia, pande 5. Hufunguka usiku, hunukia.

VINKA. Mrija mwembamba, sinia, pande 5, koo lina rangi tofauti.

ALAMANDA. Faneli ya manjano, chini imebanwa, pande 5.

MLAKASA. Faneli ya waridi, ukingo mzima, hufunguka asubuhi.

HAIBISKASI. Petali 5 huru zilizobandikwa kwenye mnara wa stameni. (Kijana wa Shela atanisamehe.)

BOGENVILIA. Rangi ni brakti 3, ua ni kile kijirija katikati.

BintiLangoni

Asumini si pande tano daima, mwanangu. Yangu ya uani ina saba na nane, na ile ya majani mengi mengi haihesabiki.

Ticha_Gede

Bi yuko sahihi. Asumini hii ya kwetu ya kupandwa ina pande 5 hadi 9, na kuna iliyojaza ambayo ni safu juu ya safu. Andika "pande 5–9". Kwenye vinka iache tano. Plumeria, vinka na alamanda ni ukoo mmoja, na pande zao kwenye tumba zimepishana kwa kuzunguka upande mmoja, utaona tumba limejisokota. Hiyo ni alama nzuri ya kibao kuliko rangi ya koo, kwa sababu vinka nyeupe nyingine hazina rangi kooni.

BustaniWatamu

Kwa alamanda ongeza kwamba ina utomvu mweupe, watu wanawe mikono wakishaikata. Vijana wangu wawili walijikuna wiki nzima. Na waridi la jangwani ukiliweka kitaluni, hilo utomvu wake ni sumu kabisa, usiliache karibu na mbuzi.

MicheMambrui

Nimeweka yote. Mpapai niweke kibao kimoja au viwili?

Ticha_Gede

Viwili. Dume: mrija mrefu, pande 5, vijiti vinavyoning'inia. Jike: petali 5 karibu huru, ua limekaa shinani. Mteja akitaka papai atajua anunue upi, ila miche ikiwa midogo hata wewe huwezi kujua, kwa hiyo muuzie mitatu.